Viatu Nyuma ya Mimbari

Kitu cha kwanza alichokiona Arlene ni viatu vya mdogo wake. Vilikuwa vimepangwa sawasawa kwenye ngazi nyuma ya mimbari, soksi zimekunjwa ndani. Wendell hakuwa mtoto wa kupanga viatu.

Kila Jumamosi bibi yao alisafisha kanisa lao dogo la Kentucky, na kukiwa na ubatizo kesho yake, alijaza maji birika kubwa la kubatizia lililokuwa juu ya ngazi hizo. Arlene, mwenye miaka kumi na mmoja, alifuta vumbi kwenye mabenchi. Wendell wa miaka sita aliachwa na kitabu chake, hadithi ya watoto wawili wanaosafiri hadi zama za Biblia. Walikiazima kabatini mwa kanisa, na Arlene ndiye aliyekuwa akimsomea.

Jana yake walikuwa wamefika sura ya mwisho.

"Wanarudije kwao?" Wendell aliuliza.

Arlene aliitazama picha. Vichwa viwili vilichomoza kwenye Mto Yordani. "Wanazama, wanafumba macho, wanaomba. Wakiibuka, wako siku wanayoitaka."

"Hata siku ambayo mama alikuwa hai?"

"Hata hiyo. Kula sasa, mdomo kama cherehani."

Sasa, alipoviona viatu, Arlene alipanda zile ngazi mbio. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na chini yake lilionekana shati la manjano.

Aliruka ndani, akipiga kelele kumwita bibi. Walipomtoa, bibi alimgandamiza kifua huku akitaja jina lake, mpaka maji yakamtoka puani na mdomoni.

"Nilifumba macho," Wendell alinong'ona. "Sikumwona mama."

Hospitalini daktari alisema mtoto atapona, ila dakika moja zaidi wangekuwa wanazungumza habari ya jeneza. Bibi, ambaye Wendell alikuwa amemsimulia mwisho aliosomewa, aliketi ukumbini na Arlene, akakisoma kile kitabu mpaka mwisho.

"Watoto wanarudi kwao kupitia mlango wa zizi," alisema. "Habari ya kuzama umeitoa wapi?"

"Kwenye picha."

Bibi alikifunga kitabu polepole. Alikumbuka ubao wa kanisa, nyota tisa mbele ya jina la Arlene, moja kwa kila kitabu alichosema amekisoma. Kadi zote za kuthibitisha kwamba amesoma alizitia saini bibi mwenyewe bila kuuliza.

"Mimi nilijifunza kusoma nikiwa nimeshaolewa," alisema. "Kutojua si dhambi, mjukuu wangu. Lakini ukilificha usilolijua, kuna anayekufuata akidhani unaiona njia. Mimi nitakufundisha, kuanzia kesho. Ila wa kuambiwa ukweli kwanza si mimi."

Arlene alikichukua kitabu, akaingia wodini. Wendell alikuwa na mrija wa hewa puani. Alikiona kitabu, akanyoosha mkono.

"Nisomee tena mwisho. Labda nilikosea mahali."

Arlene alikaa ukingoni mwa kitanda, nywele zake bado zimelowa.

"Hukukosea wewe," alisema. "Wendell, mimi sijui kusoma."