Diane Mtoa Taarifa Kabanga

Spidi mia na arobaini.

Harrier nyeupe ilikuwa mbele, Forester ya kijivu nyuma, na katikati yao mita mia mbili za lami ya kutoka Lusahunga. Mbuzi mmoja aliyetaka kuvuka barabara alitazama kulia, akatazama kushoto, akaghairi.

Mbuzi mwenye akili zake.

"Kwale, uko wapi?" Sauti ya Bi Fathiya, mkuu wa operesheni, ilijaa gari zima. Simu ilikuwa mfukoni, lakini spika za gari ndizo zilizoongea.

"Nyuma yake, Mkuu. Dakika mbili namfunga."

"Usipige risasi. Nataka mashine."

"Nimekuelewa."

Kwale ni jina la kazi. Mama yake alimwita Jovitus. Kiunoni alikuwa na Glock 19, usoni miwani nyeusi, na moyoni imani kubwa kwamba katika Kagera nzima hakuna mtu anayejua mambo ya usalama wa mitandao kama yeye.

Mashine iliyotakiwa ni kisanduku cha ukubwa wa daftari. Kinasogezwa karibu na mwenye gari, kinausikiliza ufunguo ukiwa mfukoni mwake, kinauiga, kisha mlango unafunguka na injini inawaka bila kelele. Kwa miezi minne Prado kumi na moja zilikuwa zimeibwa hivyo, Mwanza, Kahama mpaka Biharamulo, zikapitishwa kwenye migomba ya Ntobeye na kuingia Burundi. Kiongozi wa genge aliitwa Celestini. Idara ya Usalama haikuwa na picha yake. Mtu mmoja tu upande wa serikali ndiye aliyewahi kumwona uso kwa uso.

Harrier ikawasha indiketa ya kushoto.

Ikapunguza mwendo. Ikaegesha pembeni kwa adabu, kama mwanafunzi wa udereva siku ya mtihani. Dereva akashuka, akaingia porini mbio.

Jovitus hakumfuata. Alifungua mlango wa Harrier, bastola mbele. Mashine hakuna. Kulikuwa na Tecno moja tu juu ya kiti.

Ikaita.

"Jovitus," sauti ikasema. Haikusema Kwale. "Pole na safari."

"Nani wewe?"

"Miezi minne unanitafuta halafu unaniuliza nani? Celestini hapa. Mimi niko Ngara mjini, naelekea Kabanga. Kuna mtu nataka kumsalimia. Ngoja nisome vizuri maana umeandika kirefu." Akakohoa. "Diane Mtoa Taarifa Kabanga."

Simu ikakatika.

Jovitus alisimama palepale. Masikio yalimwaka moto kwanza, kisha shingo, kisha uso mzima. Hakuwahi kumtamkia mtu maneno hayo manne. Aliwahi kuyaandika tu.

Wewe unayesoma na simu yako mkononi, usimcheke haraka. Fungua orodha yako ya majina. Humo kuna Fundi Bomba. Kuna Mama Maziwa, Dokta Meno, Priscila Vitenge, labda na Usipokee Huyu. Nchi nzima tunaandika hivyo, jina na kazi, maana akina Diane ni wengi na bila kazi yake utampata vipi? Siku Jovitus alipopewa namba ya mwanamke mwenye kibanda cha kuchaji simu mpakani, yule pekee aliyemwona Celestini, kidole kilifanya kilichozoea. Jina. Kazi. Mahali.

Sasa ile orodha ilitokaje kwenye simu? Simu ilikuwa na nywila ya tarakimu nane, alama ya kidole na sura yake. Haijawahi kulala mbali na mto wake.

Akageuka taratibu, akaitazama Forester.

Gari lilitoka Japani likiwa na redio yake. Kila ukiliwasha, dada mmoja wa humo ndani anakuamkia Kijapani, na kwenye kioo yanatokea maandishi yanayofanana na vijiti vilivyoanguka. Siku ya kwanza Jovitus alipounganisha simu yake ili asikilize muziki, kioo kiliuliza swali refu, chini yake vitufe viwili. Akabonyeza cha buluu kwa sababu kilikuwa cha buluu. Swali lingine. Buluu. La tatu, buluu. Hivyo ndivyo madereva wote wa Ngara wanavyofanya, na muziki unapiga.

Redio ilikuwa inaomba ruhusa ya kunakili majina yote.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Dada wa Kijapani alimwaibisha siku moja alipokuwa amejificha kichakani akivizia watu, akawasha gari, dada akasalimia msitu mzima. Kesho yake Jovitus akalipeleka gari la Idara, kinyume cha kanuni, kwa Maulidi, fundi redio wa karibu na stendi, amfundishe huyo dada Kiingereza.

"Bosi, hii redio ina akili kutuzidi," Maulidi alisema. "Niachie mpaka kesho."

Akamwachia, majina yote yakiwa ndani ya redio.

Jovitus alipiga magoti kwenye lami, akaingiza mkono chini ya dashibodi. Nyuma ya redio vidole vilikuta kidude cha ukubwa wa kiberiti, kina joto, kina taa nyekundu inayopepesa. Kina laini yake ya simu. Kila neno lililosemwa ndani ya gari lilikuwa linakwenda kwa Celestini.

Alikishika akitaka kuking'oa.

Akakiacha.

Kutoka Ngara mjini mpaka Kabanga ni nusu saa. Kutoka alipokuwa yeye ni zaidi ya saa moja. Na Diane alikuwa kibandani, amezungukwa na simu za watu zilizo kwenye chaji, hajui lolote.

Simu yake mwenyewe hakuiamini tena. Hatua hamsini mbele, mama mmoja mtu mzima alikuwa amepanga ndizi mbivu juu ya kigunia.

"Shikamoo, bibi. Naomba simu yako, dakika moja tu."

"Marahaba." Akamtazama mkononi. "Na hiyo ni nini, sabuni?"

"Hii ina matatizo, bibi."

"Ina macho matatu mgongoni na bado ina matatizo?" Akatoa kiswaswadu cha vitufe kilichofungwa rababendi. "Wanangu walitaka kuninunulia ya namna hiyo. Nikawaambia Tecla hataki simu inayomjua kuliko mume wake. Chukua. Ukimaliza salio unaniongezea."

Jovitus akaandika ujumbe kwa Diane. Maneno mawili waliyokubaliana: *Chaji imeisha.* Maana yake ondoka sasa hivi kwa mlango wa nyuma, nenda kituo cha polisi, kaa ndani. Makubaliano yalikuwa asijibu. Lakini namba ilikuwa ngeni, na namba ngeni watu wanazipuuza. Hangejua kama ameusoma.

Akapiga ya pili.

"Nani?" Bi Fathiya hakuwa na maneno ya ziada.

"Kwale, Mkuu."

"Hii namba ya nani?"

"Ya Bi Tecla, muuza ndizi. Mkuu, gari langu lina masikio. Celestini ana majina yote. Anamfuata Diane."

"Ameyapataje?"

Ukweli ulikuwa mfupi. Ungetosha kwenye pumzi moja.

"Sijajua bado, Mkuu," Jovitus alisema.

Bi Tecla, aliyekuwa akisikiliza bila aibu, alimtazama kama mtu anayeiona ndizi imeoza ndani.

"Sikiliza, Mkuu. Baada ya dakika tatu nitakupigia kwa simu yangu, nikiwa ndani ya gari. Nitasema uongo. Jifanye umeamini."

"Sawa. Polisi wa Kabanga nawaambia nini?"

"Wamtafute. Kimyakimya."

Alirudi garini. Akafunga vioo. Akapumua, akapiga.

"Mkuu, habari njema. Diane nilimtoa Kabanga tangu alfajiri. Yuko Ntobeye, nyumba ya bati la buluu jirani na ghala la kahawa. Kumbe alimpiga Celestini picha, iko kwenye simu yake. Saa tisa nampeleka Mwanza."

"Analindwa na nani?"

"Yuko peke yake. Hakuna anayejua."

"Vizuri sana, Kwale."

Kisha akaendesha. Saa nzima hakufungua mdomo, kwani hata kujitukana kungesikika. Alibaki na mawazo yake, nayo yalimpeleka kwenye semina ya mwezi uliopita, mbele ya watendaji wa kata, yeye mwenyewe kashika kipaza sauti: "Ndugu zangu, mtu wa kwanza kukuuza ni kidole chako!" Walimpigia makofi. Mzee mmoja aliuliza kama kufunika kamera ya simu kwa plasta ya kidonda kunatosha, na ukumbi ukacheka. Jovitus alicheka kuliko wote.

Ntobeye.

Saa nane na nusu, jua kali, Prado nyeusi ilipanda njia ya vumbi taratibu na kusimama mbele ya bati la buluu. Jovitus alikuwa amelala kifudifudi kwenye migomba, Forester ameiacha mbali. Askari wanne waliotumwa na Bi Fathiya walikuwa ndani ya nyumba.

Mtu mmoja akashuka. Sweta la kijani, miwani ya kusomea, kalamu mfukoni. Ungemwita mwalimu wa hesabu. Kumbe ndiye.

Celestini alikwenda mlangoni, akabisha hodi. Mlango wa Prado aliuacha wazi, injini ameizima, kisanduku juu ya kiti.

Jovitus akatambaa. Hatua kumi. Tano. Mkono ndani.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

"Polisi! Lala chini!"

Celestini hakulala. Alikuwa mwepesi kuliko sweta lake. Akaruka ngazi, akaingia kwenye Prado, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kioo cha mbele yake kikamwambia hakioni ufunguo.

Akabonyeza kwa hasira.

"Unatafuta hiki?" Jovitus alikuwa amesimama dirishani, kisanduku mkono wa kushoto, Glock mkono wa kulia. "Magari ya siku hizi hayataki ubishi. Shuka."

Celestini akashuka, mikono juu. Cha kushangaza, alikuwa anatabasamu.

"Hongera. Nilisikia habari ya picha nikashindwa kuvumilia." Akavua miwani. "Ila nilipokuwa Ngara nilikuwa na vijana wawili mbele yangu, njia ya Kabanga. Hao sikuwageuza."

Redio ya askari ikakoroma. "Kabanga hapa. Kibanda kimevunjwa. Simu za watu zimetapakaa chini, vioo vimepasuka. Vijana wawili tumewakamata. Mwanamke hayupo. Narudia, hayupo."

"Tafuteni!" Jovitus alipokonya redio. "Angalieni nyuma! Angalieni sokoni! Angalieni na hapo kituoni!"

Mlio. Kelele za upepo. Alihesabu pumzi zake mpaka tisa.

"Kuna mama amekaa kaunta kwetu hapa tangu saa saba," sauti nyingine ikasema, ya kituoni. "Tulidhani amekuja kuripoti simu iliyopotea. Anasema anaitwa Diane."

Askari walishangilia. Jovitus aliegemea mgomba, akageuza uso.

Jioni, Ngara mjini, ofisini kwa Bi Fathiya. Prado tatu zilikuwa zimepatikana kwenye migomba. Maulidi alikuwa mahabusu, akiapa kwamba alidhani kidude ni cha kuongeza besi. Diane alikaa kwenye benchi na mfuko mmoja wa plastiki. Usiku huo angehamishwa mkoa mwingine yeye na watoto wake wawili. Mama yake, Niragira, aliyekuja kutoka Burundi na Diane mgongoni, alikuwa amegoma kuondoka. Amesema kwa maisha yake ameshahama vya kutosha.

"Nimeandika ripoti," Bi Fathiya alisema. "Fundi aliiba majina kwenye gari. Operesheni imefanikiwa. Weka sahihi."

Kalamu ilikuwa pale. Ilikuwa rahisi mno.

"Hayakuibwa, Mkuu. Niliyatoa mimi. Redio iliniomba ruhusa kwa lugha nisiyoijua, nikakubali mara tatu ili nisikilize muziki. Na gari nililipeleka mtaani mwenyewe." Akamtazama mkuu wake. "Uliponiuliza kwenye simu nilikuwa najua. Nilikudanganya."

Bi Fathiya alivua miwani yake, akaifuta muda mrefu.

Diane ndiye aliyesema. "Uliniandika nani humo?"

Jovitus angeweza kumsomea. Alishindwa. Akafungua simu, akampa.

Diane alisoma polepole, midomo ikicheza. "Mtoa Taarifa," akarudia. "Hata ukaweka na Kabanga, wasipate taabu ya kuuliza njia."

"Nisamehe, dada Diane."

"Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Watu wananipa simu na nywila zao, nazisahau makusudi kabla hawajafika barabarani. Wewe kwangu hujaandikwa popote. Namba yako niliikariri siku ile ile, karatasi nikaitia jikoni." Akamrudishia simu. "Meseji ya leo ilikuja kwa namba ngeni. Nimekimbia kwa sababu sikuwa namtegemea mtu aliyeituma. Nilitegemea maneno."

Nje gari la kumhamisha lilipiga honi. Akanyanyua mfuko wake.

"Nikikuhitaji, kwa ajili ya kesi?" Jovitus aliuliza. "Nitakupataje?"

"Usinihitaji."

Akatoka bila kuangalia nyuma.

Jovitus aliichana ripoti, akavuta karatasi safi, akaandika ukurasa mmoja na nusu kwa mkono wake. Akaweka sahihi. Juu yake akaweka Glock, kitambulisho na ufunguo wa Forester, akavisogeza mbele ya mkuu wake.

"Hujafukuzwa, Kwale."

"Najua, Mkuu. Soma kwanza."

Akavaa miwani nyeusi, akashuka kilima cha Ngara kwa miguu, mikono mfukoni, mwendo wa mtu asiye na haraka. Vijana wa bodaboda walimwita kutoka pande zote mbili za barabara.

Aliwapungia mkono, akaendelea kutembea.