Mchoro wa Chepkirui

Asubuhi kule mtaa wa Bondeni, kabla jua halijaanza kuchoma mabati, Bi Shukri aliketi kwenye benchi nje ya kliniki ya familia yake akisalimia wagonjwa mmoja mmoja. Ndani, mwanawe Bashir alikuwa msimamizi, na bintiye Mastura aliendesha famasi. Baba yao aliwaachia kliniki hiyo, nao wakaikuza mpaka wakafungua tawi Naivasha, mtaa wa Kihoto. Chai ya saa nne waliinywa pamoja, mama na wanawe, na jirani kama mimi nikipita naitwa ndani. Hiyo ndiyo nyumba ninayotaka kuwasimulia, wenzangu, kwa sababu ilipogawanyika wengi wenu mlisema ni uchawi. Haukuwa uchawi.

Mapokezi walikuwa na programu yao ya kompyuta, maabara walikuwa na yao, na famasi walikuwa na yao. Kila moja ilinunuliwa kivyake, na hazikupashana habari. Mgonjwa akisema mapokezi kwamba dawa fulani inamdhuru, jambo hilo lilibaki huko huko mapokezi. Mastura alitegemea kuuliza na kukumbuka.

"Kaka, iko siku nitasahau," alimwambia Bashir. "Tutafute mtu anayejua kuunganisha hizi vitu."

Ndipo alipokuja Chepkirui, mwanamke wa makamo kutoka Njoro, msanifu wa mifumo ya kompyuta. Kazi hiyo hata mimi sikuijua. Fundi wa programu ndiye anayeandika programu. Msanifu hutangulia, kama yule anayechora ramani ya nyumba kabla mawe hayajaletwa. Anataka kujua kazi inakwendaje, habari gani inatoka wapi na inahitajika wapi, nani aruhusiwe kuiona, na stima ikipotea itakuwaje. Kisha anamweleza mwenye mali kwa lugha ya mwenye mali, na fundi kwa lugha ya fundi.

Lakini Chepkirui alikuwa na kasoro yake. Aliwaita wafanyakazi mmoja mmoja, akafunga mlango, akauliza bila kusema kwa nini anauliza.

"Wewe ukikosa kuja kazini, nani anajua kufanya kazi yako?" alimuuliza Jepkemboi wa mapokezi.

Jepkemboi alitoka pale jasho likimtoka. "Anatafuta wa kufuta kazi," aliwanong'onezea wenzake. Kuanzia hapo watu waliokuwa wakiongea walitawanyika kila walipomwona anapita.

Nasrudin, binamu yao aliyesimamia stoo, alimfuata Bashir ofisini.

"Boss, huyu mama haandiki programu yoyote. Anachora maboksi tu. Na ni nani alimleta?"

"Mastura."

"Basi. Mimi sina maneno mengi."

Hayo yalitosha. Bashir alikwenda kuutazama mchoro ambao Chepkirui alikuwa ameubandika ukutani. Kulikuwa na boksi la mapokezi, la maabara, la daktari, la Kihoto. Na kutoka kila boksi mshale ulitoka ukaelekea mahali pamoja: famasi. Famasi ya Mastura. Hata ofisi ya Bashir mwenyewe ilikuwa pembeni, kama choo cha nje.

Nawauliza, angekosa nini kama angeuliza maana yake? Chepkirui alikuwa chumba cha pili. Bashir hakuuliza. Alisimama pale akiona dada yake akimnyang'anya kliniki ya baba yao mshale kwa mshale.

Tangu hapo kila kitu kilithibitisha shaka yake. Mastura akipokea simu nje, anapanga. Mastura akicheka na Chepkirui, wanamcheka yeye. Mwishowe aliung'oa mchoro mbele ya wafanyakazi.

"Kazi yako imeisha," alimwambia Chepkirui. "Hapa hatujengi ufalme wa mtu."

Chepkirui alikusanya vitu vyake polepole. "Sawa, ni kliniki yako. Lakini yeyote atakayekuja, mwambie asiunganishe wagonjwa kwa majina. Majina yanafanana. Kila mgonjwa apewe nambari yake moja, hapa na Kihoto."

"Nimesema imeisha."

Mastura alimtazama kakake. "Unadhani nataka nini, kaka?"

"Wewe ndiwe unajua."

Dada huyo alivua koti lake jeupe akaliacha kwenye kiti. Bi Shukri alimwita, akalia, lakini Mastura alikwenda zake.

Nasrudin akamleta kijana aitwaye Kimeli, fundi hodari wa kuandika programu, simkosei heshima. Aliambiwa aunganishe, akaunganisha. Hakuna aliyemwambia kliniki inafanyaje kazi, naye hakupewa nafasi ya kuuliza, maana Bashir sasa aliogopa kila anayeuliza. Kimeli alitumia kitu pekee kilichokuwa katika programu zote: majina. Na Kihoto kulikuwa na mwanamke mwingine aitwaye Shukri Omar, jina lile lile la Bi Shukri. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja, habari za yule wa Kihoto zikafunika za mama yao.

Mvua za Aprili zilipokuja, Bi Shukri akashikwa na kifua. Daktari mgeni aliangalia kompyuta, hakuona onyo lolote, akaandika sindano ya jamii ya penisilini. Msichana mpya wa famasi aliangalia, hakuona kitu, akaitoa. Nesi hakumuuliza mama wa boss maswali, kwani mambo yake si yanajulikana? Na Bi Shukri mwenyewe, aliyejua tangu ujana kwamba penisilini inamdhuru, alinyoosha mkono bila kuuliza sindano ni ya nini. Alikuwa kwa mwanawe.

Kabla pamba haijaondolewa mkononi midomo ilikuwa imevimba. Alijaribu kumwita Bashir, sauti ikatoka kama filimbi iliyopasuka. Daktari alimwahi kwa sindano nyingine, wakamkimbiza hospitali kubwa akipumulia oksijeni, Bashir akikimbia kando ya machela bila viatu.

Mastura aliwakuta huko. Walisimama kwenye korido bila kusalimiana.

"Ile mishale," Bashir alimwambia. "Kwa nini yote ilienda kwako?"

"Haikuja kwangu. Ilienda famasi. Dawa ikishatoka dirishani hairudi, ndiyo maana kila onyo lazima lifike pale kwanza. Ungeuliza, kaka. Ungeniuliza tu."

Bashir aliketi chini, mgongo ukutani, akalia mbele za watu.

Bi Shukri alipona, lakini pumzi yake haikurudi kama zamani. Chepkirui alikubali kurudi, ila safari hii Bashir aliwaita wafanyakazi wote chumba kimoja, naye Chepkirui akaeleza kila swali kabla ya kuliuliza. Hakuna aliyefutwa. Leo habari inafika inapotakiwa. Mastura tu ndiye ambaye hakurudi. Ana famasi yake mtaa wa Section 58, na mama anaishi naye. Bashir huenda kuwaona kila Ijumaa, akipiga hodi kama mgeni.

FUNZO

Wenzangu, shaka yenyewe si kosa. Mwenye mali ana haki ya kutaka kujua anachouziwa. Kosa ni kuifuga shaka moyoni na kuilisha maneno ya wanong'onaji, wakati anayejua jibu yuko chumba cha pili. Mkimwita mtaalamu awapangie mifumo, msimdharau kwa kuwa anauliza na kuchora. Kuuliza na kuchora ndiyo kazi yenyewe. Nanyi wataalamu, elezeni mnachofanya, kwa sababu ujuzi unaofungiwa mlango huzaa hofu. Zaidi ya yote, ukimshuku ndugu yako, muulize leo, kwa sauti, mkiwa wawili. Kompyuta za Bashir zilitengenezeka. Nyumba yake bado.