Karafuu kwenye Shati la Komi

"Feruzi, ni nani anakupaka karafuu?"

Mashine ya kuandika ikanyamaza. Zuwena alikuwa amesimama mlangoni mwa biro, ofisi ya serikali, kanga ameikaza kiunoni, na wala hakujali benchi lililojaa watu waliokuja kutafuta vyeti. Mchumba wake, komi Feruzi, karani wa hapo, shati jeupe na tai nyeusi, alimtazama kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limevimba.

"Zuwena, hapa ni kazini. Ngojea saa sita."

"Singojei. Jana umenipita sokoni unanukia karafuu na liwa. Na hilo jicho?"

"Nilishakuambia. Ni kabati ya biro."

"Mwezi uliopita mdomo, kabati. Leo jicho, kabati. Hii kabati yenu iko na mikono?"

Benchi zima likaangua kicheko. Sauti nzito ya shefu, mkubwa wa biro, ikatoka chumba cha ndani:

"Komi! Iko kelele gani huko?"

"Ni mambo ya nyumbani, bwana shefu."

Zuwena aliondoka kwa hasira. Mgeni angeona anagombana bure. Lakini kwa Waswahili wa Rumonge, karafuu iliyotwangwa na liwa ni mambo ya bibi harusi. Ndiyo anayosuguliwa mwilini kabla ya ndoa, na mwanaume akinukia hivyo, watu wanajua ametoka kwa mke. Zuwena alikuwa hajasuguliwa hata kidole. Harusi yake na Feruzi ilikuwa baada ya sherehe za Uhuru, na mji mzima ulikuwa bado unapaka chokaa kuipokea bendera mpya. Kwa hiyo kulikuwa na bibi harusi mwingine, akasema moyoni, na huyo lazima alikuwa ndani kwa mama Mwavita.

Mama Mwavita alikuwa ametoka Baraka, ng'ambo ya ziwa, na mumewe Mulamba mvuvi. Yeye ndiye aliyesugua mabibi harusi wa mtaa mzima. Mchana biro zilipofungwa, Zuwena alipita katikati ya ndagala, dagaa wa ziwa, walioanikwa, akafika kwake, akavuta pazia la chumba cha ndani bila hodi.

"Mtoe huyo mwanamke wenu nimuone!"

Hakukuwa na mwanamke. Kwenye mkeka alilala Feruzi kifua wazi, mbavu zimevilia damu, na mama Mwavita amemkalia pembeni akimkanda kwa mafuta yake ya karafuu.

"Karibu, mwanangu," mama Mwavita akasema bila kusimama. "Bibi harusi njo huyu. Na analia kuliko wote niliowahi kusugua."

Zuwena alitaka kucheka. Raha ilimpanda mpaka kooni. Kisha akaona glavu mbili za ngumi zikining'inia kwenye msumari, na kicheko kikakwama.

"Ni za nani?"

Feruzi aliketi polepole, ameshika mbavu.

"Zangu."

"Za nini?"

"Napigana ngumi, Zuwena. Kila alfajiri nakimbia barabara ya Magara, nikirudi Mulamba ananifundisha. Saa moja niko biro na tai yangu. Siku ya Uhuru napigana na Lukeba, kijana wa bandari ya Usumbura."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kukuposa."

Zuwena aliegemea ukuta.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," akasema.

"Zuwena!"

"Ndiyo! Mwanamke ningemng'oa nywele, mambo yangeisha. Unajua mdomo wa yaya Esha umepindishwa na nini? Unajua ni nini nilimuapia siku tuliyomtoa kwa mumewe kule Muhuta?"

Feruzi alijua. Mtaa mzima ulijua. Esha, dada mkubwa wa Zuwena, alirudishwa kwa baba yao akiwa na taya lililovunjwa kwa ngumi za mume, na taya lilipona likiwa limepinda. Tangu hapo hakutoka nje mchana, na harusi za wenzake alizisikilizia dirishani. Siku ile Zuwena aliapa hataolewa na mwanaume mwenye mkono mwepesi. Alimkubali Feruzi kwa sababu alikuwa mtu wa biro, mtu wa karatasi, mtu mpole.

"Njo maana nilikuficha," Feruzi akasema. "Nilijua ukiona glavu utamuona yule bwana wa Muhuta."

"Basi ziache leo. Niambie unaacha, yaishe."

Mama Mwavita akafunika chupa yake ya mafuta na kutoka nje.

"Sitasema hivyo," Feruzi akajibu. "Nikisema naacha nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Biro siku nzima naandika maneno ya watu wengine. Ndani ya kamba niko mimi mwenyewe. Lakini mkono huu haujawahi kumgusa mtu asiyevaa glavu. Na hautamgusa."

"Hata yule wa Muhuta aliapa."

Akageuka akaenda zake. Njiani alilia waziwazi, na wachuuzi wa ndagala wakajifanya hawamwoni.

*

"Nakwenda kumwambia baba arudishe posa," alimwambia Esha uani.

Baba yao, fundi cherehani Radjabu, alikuwa barazani akishona vibendera vya Uhuru na kumsifia kila mpita njia mkwewe wa biro. Esha alimshika mdogo wake mkono.

"Usimwambie baba bado. Siku ya Uhuru utanipeleka uwanjani."

"Wewe? Uwanjani? Mchana?"

"Mimi. Nyinyi wote mnazisikia ngumi kwa hadithi. Mimi ninazijua. Niache nimtazame huyo Feruzi na macho yangu. Nikisema hapana, posa inarudi, na sitaki kukuona ukilia tena."

"Na ukisema ndiyo?"

"Sijasema kitu. Nitafutie kanga nzuri."

*

Siku ya Uhuru uwanja wa mpira ulifurika watu. Ulingo ulikuwa nguzo nne na kamba za wavuvi, kengele ilikuwa ringi ya gari iliyogongwa kwa chuma. Esha alijitanda kanga mpaka machoni, akajipenyeza hadi mbele kabisa. Zuwena alimfuata. Upande wa pili alisimama shefu wa biro na suti yake ya sherehe. Huyu alikuwa amesema wiki nzima kwamba komi hapigani hadharani na watu wa bandarini. Alikuwa amewahi mbele kuliko wote.

Raundi ya kwanza Lukeba alimwangusha Feruzi chini. Zuwena alifumba macho.

"Fumbua," Esha akamwambia. "Tumekuja kutazama."

Raundi ya pili Feruzi alianza kuchomoka. Alipiga, akateleza, akapiga tena, na sasa Lukeba ndiye aliyerudi nyuma. Shefu alikuwa ameshavua koti.

"Komi yangu! Iko komi yangu, ile!"

Raundi ya mwisho ngumi ya tumbo ikampata Lukeba. Alijikokota mpaka kwenye kamba, mbele kabisa ya wale dada wawili. Mikono ilimshuka, macho yakamlegea, uso ukawa wazi. Hakuwa ameanguka, na sheria ilimruhusu Feruzi kumalizia. Watu walisimama.

"Piga! Mumalize! Mumalize!"

Ngumi ya kulia ilitoka. Zuwena aliiona ikija, akasikia vidole vya Esha vikimzama mkononi.

Ikasimama. Ilisimama karibu na shavu la Lukeba, hewani, na uwanja mzima unapiga kelele. Feruzi akarudi hatua nyuma, akamgeukia refa.

"Mutazame kwanza. Mikono yake imeshuka."

"Muoga!" mtu akapiga kelele. "Rudi kwenye mashine yako!"

Refa alimtazama Lukeba usoni, akamuuliza, Lukeba akaitikia kwa kichwa kwamba anaendelea. Na kwa shukrani akamchapa Feruzi ngumi ya jicho lile lile la kabati. Uwanja ukazomea. Zuwena akajikuta anapiga kelele kuliko wavuvi wote.

"Kushoto, Feruzi! Kushoto!"

Ikatoka kushoto, fupi, safi, Lukeba akiwa ameinua mikono yote miwili na anajilinda. Akaketi chini. Refa akahesabu mpaka mwisho, na Lukeba akabaki ameketi, anatikisa kichwa na kutabasamu. Feruzi alipiga magoti kumshika bega kabla hajanyanyuliwa mkono wa ushindi.

Watu walivamia ulingo. Zuwena hakusogea. Alikuwa anamtazama dada yake.

"Yaya? Unasemaje?"

Esha aliinua kamba akaingia, watu wakampisha, akasimama mbele ya Feruzi.

"Nipe mkono ule."

Feruzi akamnyooshea mkono wa kulia, ungali na glavu. Esha akaushika kwa mikono yake miwili.

"Mimi nilikuwa chini," akasema. "Nimelala chini, mikono yangu imeshuka, hakuna aliyepiga kelele 'mumalize', na yule wa Muhuta hakusimamisha. Wewe uwanja mzima ulikuwa unakusukuma."

"Nilimwona hajilindi, yaya."

"Njo hiyo. Ulimwona."

Kisha Esha akaiteremsha kanga usoni. Uso wote, na taya lake, mbele ya Rumonge nzima. Akatupa kichwa nyuma akapiga kigelegele. Kilitoka kimepinda kidogo, kikakwama, kikatoka tena kwa nguvu, na wanawake wa mtaa, ambao hawakuwa wamemsikia tangu arudi, wakamwitikia kutoka kila upande wa uwanja. Zuwena aliruka kamba kama mtoto.

"Umesikia jibu?" akamuuliza Feruzi, machozi na kicheko pamoja.

"Nimesikia. Na wewe?"

"Mimi nina sharti moja. Usinifiche kitu tena, hata kidole kilichovimba."

"Kimevimba," Feruzi akasema, akivua glavu ya kulia na kumwonyesha. "Kesho sijui nitaandika na nini."

"Andika na kushoto!" shefu akapiga kelele nyuma yao, koti begani. "Kesho utaandika na kushoto, komi!"

*

Harusi ilifungwa mwezi ule ule. Mama Mwavita alimsugua Zuwena kwa liwa na karafuu mpaka ngozi ikang'aa, huku akimwambia kwamba bwana harusi alilia kuliko yeye. Fundi Radjabu, ambaye sasa alimsifia mkwewe wa biro na wa ngumi, alimkabidhi binti yake. Esha aliongoza vigelegele, uso wazi.

Walipobaki wawili, Feruzi alimsogelea mkewe, akanusa shingo yake, akakunja uso kama hakimu.

"Mama, niambie ukweli. Ni nani amekupaka karafuu?"

"Muulize kabati ya biro," Zuwena akajibu, akamvuta ndani na kufunga mlango.