Kifua cha Hezroni

Veronika alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka akikusanya kakao kabla mvua haijafika, Lucy alipotoka kwenye karakana ya baba yake na kusema kwamba gitaa limekohoa.

"Shika pembe ile ya mkeka," Veronika alimwambia. "Tuingize kakao."

Lucy alishika. Alikuwa na miaka kumi na hakuwa mtoto wa kubuni mambo. Kakao ilipokuwa barazani akaeleza tena, taratibu: alikuwa anajaribu nyuzi kama baba alivyomwagiza, akapiga, akanyamaza, na ndani ya gitaa mtu akakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Veronika alikuwa amelichoka gitaa lile hata kabla halijakohoa. Lilikuwa la kwaya ya Ngonga, lilitakiwa kabla ya Pasaka, na lilikuwa limekamilika isipokuwa kinga, kile kipande chembamba kinachobandikwa kando ya tundu ili kucha za mpigaji zisikwaruze mbao. Kwa kinga hiyo tu Gideoni, mumewe, alipoteza wiki tatu. Pembe ya ng'ombe aliichonga, ikajikunja kwa unyevu. Plastiki ya ndoo ilibanduka kwa joto. Kibuyu kilipasuka alipokinyoosha. Ngozi ya mbuzi, alisema, inaziba sauti. Kila siku alikaa na vipande mapajani, anakigonga kimoja kwa ukucha, anasikiliza, anagonga kingine, huku palizi ya mpunga ikimsubiri mke peke yake. Jumatatu Veronika alifungua sanduku la nguo, akatoa picha ya eksirei iliyokuwa chini kabisa, akamtupia. Nyembamba, nyeusi, hainywi maji. Tumia hii, alimwambia, tupumzike.

Ilikuwa picha ya kifua cha Hezroni, kaka yake Gideoni, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Siku ya kugawana vitu vya marehemu hakuna aliyeihesabu kuwa kitu. Gideoni alisita, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, kisha akakata umbo la tone la maji upande wa moyo.

Jioni ile ya kikohozi nyumba ilianza kunuka siki, na chini ya siki kulikuwa na harufu ya ile dawa ya kusafishia sakafu za hospitali. Veronika alifagia, akafungua madirisha, akachoma majani. Harufu ilibaki. Walipokuwa jikoni wote watatu, mvua ikiwa imepungua, kikohozi kilitoka karakanani, na safari hii hakuna aliyegusa nyuzi. Gideoni akaweka kikombe chini. Hakuuliza ni nani. Hezroni aliugulia hapohapo kwao, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na barabara kuu, na kwa miezi mitano waliamka kwa kikohozi kile.

Kisha Lucy naye akakohoa. Mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Asubuhi mtoto alishindwa kupuliza moto. Veronika alilaza sikio kifuani kwake. Upande wa kulia pumzi iliingia na kutoka. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, kama kusikiliza ukuta.

Alimkuta Gideoni karakanani amewasha mkaa, kisu kinapata moto, tayari kubandua kinga aichome. Veronika akalichukua gitaa, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Siku ya Jumatatu aliziona zile mbavu kwa macho yake, mbavu za mwanamume aliyebeba magunia ya mpunga tangu ujana, pana, tatu tu zikijaza kipande kizima. Na sasa juu ya ile mbao nyeupe zilikuwa saba, nyembamba, zimesongamana kama vijiti vya kikapu, na ya tano ilikuwa na kifundo pale mfupa ulipovunjika ukaunga, palepale ambapo Lucy aliumia mwaka jana alipoanguka na baiskeli, na alipokuwa anaziangalia, akitamani macho yake yawe yanamdanganya, zilipanda kidogo, zikashuka, zikapanda tena, na kule jikoni mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa mwendo uleule.

"Usiichome," alisema kwa sauti ya chini. "Baba Lucy, hizi ni mbavu za nani?"

Gideoni alitazama. Kisu kikamponyoka.

Alitaka waende kwa mchungaji. Veronika alisema mchungaji hakuishi na Hezroni, akampigia simu Mama Noah, mjane wa Hezroni, mfinyanzi wa kabila la Wakisi anayekaa kando ya ziwa. Alifika kwa bodaboda, udongo wa vyungu ukiwa bado umemkaukia viwikoni. Wakasalimiana, "Mugonile," kama vile hakuna jambo. Kisha akaliangalia gitaa kwa muda mrefu.

"Mlinipa blanketi na jembe," alisema. "Kifua chake mkabaki nacho."

Akawaeleza. Kila alipokuja kumwona mumewe alimkuta mlangoni ameinua picha ile kwenye jua, anaitafuta habari yake mwenyewe. Hospitali walimwambia arudi nayo baada ya wiki mbili, daktari aisome, apewe dawa. Yeye Mama Noah aliuliza atapelekwa lini, akajibiwa kwamba mgonjwa ana nafuu. Veronika alikumbuka nani alijibu hivyo. Alikuwa yeye.

"Usiniangalie mimi, shemeji," Mama Noah alimwambia Gideoni. "Mwambie mwenyewe."

Gideoni akainamia tundu la gitaa. "Kaka," alisema, "ulitaka kurudi hospitali. Nikakwambia tuvune kwanza. Tukavuna, nikakwambia tuanike."

Ndani ya gitaa kukawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Lakini mbavu zilibaki saba, na midomo ya Lucy ilianza kuwa ya kijivu.

"Maneno alishapewa mengi," Mama Noah alisema. "Mpelekeni hospitali, kama alivyotaka."

Walikodi bajaji wote pamoja na Mama Noah, picha iliyobaki ikiwa kwenye bahasha. Lucy alilala mapajani mwa mama yake. Gitaa, limefungwa kwenye kitenge, lilikuwa mgongoni mwa mama huyohuyo. Njia nzima Veronika alihisi pumzi yenye unyevu ikitoka kwenye lile tundu na kupenya gauni lake, na kila ilipotoka, ya mtoto ilizidi kuwa fupi.

Daktari alikuwa kijana, na foleni ilijaa hadi nje. Alitaka kumpima mtoto haraka. Veronika akamwekea bahasha mezani na kumwomba asome ile kwanza. Daktari alisema huyu binti hana muda. Veronika alijibu kwamba ndiyo maana. Labda sura yake ilikuwa ya kutisha, maana yule kijana aliinua picha dirishani, akaliona tobo upande wa moyo, na Gideoni akalisogeza gitaa, kinga ikakaa palepale ilipokatwa.

"Hezroni," daktari alisoma jina pembeni mwa picha. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yupo," Mama Noah alijibu.

Daktari akawatazama wote watatu. Akaitazama tarehe. Kisha akasoma, pengine ili waondoke.

"Kifua kikuu, upande wa kushoto. Angeanza dawa siku hiyohiyo. Miezi sita, angepona."

Ndani ya gitaa mtu alishusha pumzi, moja, ndefu, mpaka ikaisha. Mbavu juu ya mbao zikawa tatu, pana. Lucy akavuta hewa kwa kishindo, akaanza kulia, na daktari, ambaye alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, alimpima akasikia pumzi pande zote mbili. Hata hivyo aliandika apimwe makohozi, arudishwe kesho. Veronika akaikunja ile karatasi, akaiweka kifuani.

Waliporudi Gideoni alibandua kinga bila kuipasua. Mama Noah akaitia kwenye bahasha pamoja na picha, akaenda nayo kaburini peke yake, akarudi na jembe lenye udongo. Kwaya watalichukua gitaa bila kinga, walikwaruze wapendavyo.

Jioni palikuwa na wali na usipa, wale dagaa wa ziwani. Veronika alipakua.

"Kesho ni kumrudisha Lucy," alisema. "Na palizi haijaisha."

"Kesho," Gideoni alijibu. "Palizi itakaa."

Mama Noah alishukuru, "Ndaga," alipopokea sahani yake. Veronika akawahesabu, mmoja mmoja, kwa kidole, bila kuona haya. Gideoni. Mama Noah. Lucy, aliyekuwa tayari anaomba usipa zaidi. Yeye mwenyewe. Wanne, sahani nne. Ndipo akakaa.