Chipu Aliyoikataa Mizani

Mchana ule duka la vipuri vya umeme lilijaa hadi viwiko vikasalimiana kabla ya wenyewe. Waya, fundi kijana mwembamba mwenye shati jeupe, alinyoosha mkono kuchukua chipu kaunta. Mkono mwingine, wenye bangili ya shaba, ukatua juu ya wake.

"Hiyo yangu, dada."

"Chukua tu, kaka. Ndiyo ile yenye saketi ndani unazozipanga mwenyewe kwa kompyuta? Utaijutia."

"Hunijui, unanitabiria majuto?"

"Basi jitambulishe," alisema yule binti, gauni lake la samawati likimkaa kama lilizaliwa naye.

Alikuwa mpimaji katika kiwanda cha vifaa vya hospitali. Wenzake walimwita Mizani, maana hapitishi kitu bila kukipima. Miezi minne baadaye walikuwa wakiitana mpenzi, na pampu ya Waya ikafika mezani kwake: kifaa cha betri cha kumtilia mgonjwa dawa tone kwa tone. Waya alikitolea jasho miaka miwili. Kiwanda kikikikataa, ndiyo basi.

Ripoti ikasema: haifai.

Waya akapiga simu. "Mizani, umenichinja! Chipu yangu moja inafanya kazi ya tatu!"

"Na inakunywa betri kama ngamia, laazizi. Umeme ukikatika wodini, baada ya saa tatu pampu kimya. Bei yake inanunua tano za kawaida. Inatengenezwa na kampuni moja tu, wakiiacha, umekwama. Na ikiharibika, nani ataipanga upya?"

"Mimi!"

"Wewe peke yako. Hapo ndipo ninapoogopa."

Waya akamkatia simu. Siku tisa hakupokea simu yake.

Siku ya kumi, ili amuumbue, alijaza betri, akaichomoa pampu kwenye umeme, akakaa mbele yake amekunja mikono. Baada ya saa tatu na dakika sita, tone likaning'inia, halikudondoka. Alilitazama muda mrefu. Halafu akajiuliza swali ambalo kiburi kilikuwa kimemzuia: tone la dawa linakimbilia wapi hata lihitaji saketi maalumu za kasi? Akaing'oa chipu. Akaweka ya kawaida, akaandika programu upya.

Wiki iliyofuata aliingia chumba cha vipimo, shati limepigwa pasi na bisibisi zimejaa mfukoni, akaiweka pampu mbele ya Mizani.

"Sasa betri inadumu saa kumi na moja. Pima."

"Umekuja kuomba msamaha au kupimwa?"

"Vyote. Nilitaka chombo ambacho mimi tu naweza kukitengeneza. Ilikuwa jeuri tupu. Nisamehe."

"Na kile kipenzi chako, ile chipu?"

"Nikiunda kitu kinachohitaji kasi nitairudia. Lakini wewe nataka kukuoa."

"Mbele ya wapimaji wote hawa?"

"Waongezwe wengine!"

Chumba kizima kikacheka. Mizani alibana midomo, akagusisha mita kwenye betri, akasoma, akasoma tena.

"Jumamosi njoo nyumbani na mjomba wako," alisema bila kuinua macho. "Na toa hizo bisibisi mfukoni. Mama atadhani umekuja kurekebisha redio."