Sauti ya Emérence Ndani ya Diski

Harufu ndiyo iliyotangulia. Keren, fundi wa kompyuta wa redio moja ndogo mjini Butembo, alifungua chumba cha mashine akakutana na harufu ya kakao inayochachuka. Butembo kuna baridi, kakao hailimwi. Hiyo ni harufu ya Mangina, mji wa mashamba ya kakao.

Siku hiyo hiyo diski ya vipindi ikaanza kunyamaza. Programu ikitaka kusoma sauti, kernel, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, hupeleka ombi kwa diski na kuhesabu muda. Muda ukiisha bila jibu, hulitupa ombi, huizindua diski upya na kujaribu tena. Sasa maombi yalitupwa mchana kutwa, na redio ikawa inakatika hewani. Keren alibadilisha waya. Akabadilisha diski yenyewe. Mpya nayo ikanyamaza, palepale kwenye mahojiano ya mwisho ya Emérence.

Emérence alikuwa mtangazaji wa redio hiyo na rafiki wa Keren. Alikwenda Mangina kuhoji wakulima, wenye silaha wakavamia, gari la redio likarudi bila yeye. Mkurugenzi Zacharie, aliyekuwa ndani ya gari hilo, aliapa mbele ya waombolezaji kwamba Emérence mwenyewe alikataa kupanda. Kinasa sauti cha Emérence kiliokotwa kando ya maiti yake, na yaliyomo yakanakiliwa kwenye diski ya redio.

Keren akavaa visikilizio, akafungua yale mahojiano. Kernel ikangoja. Ndani ya ukimya ule akasikia pumzi za mtu aliyekimbia, karibu mno na sikio, kisha mnong'ono: "Ungoye... ungoye kidogo..." Muda ukaisha. Ombi likatupwa, na pumzi zikakatika.

"Patron," alimwambia Zacharie kwa sauti ya chini, "Emérence iko mule. Anataka kusema, lakini masini inamukata mbele amalize."

Uso wa Zacharie ukasawijika. "Punguza ule muda wa kungoya. Disque ikichelewa, iache tout de suite, mara moja! Hapana kungoya batu benye bamekufa."

Keren akarudi chumbani kwa hasira. Alijua kwamba programu inayoingojea diski bila kikomo haisikii amri yoyote, hata ya kuuawa, yaani kuzimwa kwa lazima. Badala ya kuupunguza muda, akaondoa kikomo.

"Patron, nimemaliza. Kuya usikilize wewe mwenyewe."

Zacharie akaketi, akavaa visikilizio, na mara harufu ya kakao ikapanda kooni kama matapishi, feni zikazima moja baada ya nyingine, naye akataka kuinuka lakini magoti hayakumtii, akataka kuvua visikilizio lakini mikono ikabaki mezani kama ya mtu mwingine, na kernel ikangoja, ikangoja, hadi diski ikajibu, na sauti ya Emérence akiongea kwa simu ikajaa chumbani: "Patron, ambia chauffeur angoye, niko nyuma ya kanisa, banakuja!" Kisha ya Zacharie mwenyewe, akimwamuru dereva: "Mumuache. Chauffeur, wende!"

Kelele. Milio ya risasi. Rekodi ikaisha.

Lakini sauti ya Emérence ikaendelea, polepole, haikutoka kwenye kipaza sauti chochote. "Sasa, Zacharie, utangoya weye."

Tangu hapo Zacharie anakaa macho wazi, anapumua, hajibu mtu. Madaktari wa mji jirani wa Beni hawakuona ugonjwa. Mchungaji Éliakim alimwombea na kukemea hadi sauti ikamkauka. Kakao ndiyo iliyozidi kunuka.

Mke wa Zacharie, Adèle, aliyekwisha kusimuliwa habari ya kile kikomo, akamfuata Keren kazini. "Keren mudogo wangu, urudishe ule muda kwa masini. Pengine Emérence atamuachilia. Nakuomba, niko na batoto."

Keren hakumhurumia Zacharie hata chembe. Alimhurumia huyu mwanamke. Akaketi, akaandika kikomo upya, akaweka kidole juu ya kitufe cha kuthibitisha.

Pumzi baridi ikamgusa shingoni.

"Bado."

Keren akaondoa kidole. Nyuma yake Adèle akaanza kulia, kwa maana naye alikuwa amesikia.