Uzi wa Mia na Thelathini

Mnisamehe: hadithi hii nitaiharibu. Wasimulizi wenzangu huanza polepole mpaka nywele zikasimama. Mimi huanzia katikati, nikakosa pumzi, nikarudi mwanzo kuomba maji. Basi, vumilieni.

Mpiga besi mmoja alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku, ni wa miaka ishirini ya kupandisha maspika ngazini. Mkewe ndiye mwimbaji wa bendi, na tangu augue koo, sauti yake ilishuka kama suruali isiyo na mkanda. Kiongozi wa bendi akatoa neno: Jumamosi akishindwa jukwaani, tunatafuta mwingine.

"Basi tushushe nyimbo ziifuate sauti yake," mpiga besi akasema. "Hatua mbili nzima."

Akalegeza nyuzi za gitaa lake la besi. Ule mnene kuliko wote, wa unene namba mia na tano, ukawa unapigapiga shingo ya gitaa kama kamba ya kuanikia nguo siku ya upepo. Akaenda dukani.

"Ukishuka huko, chukua mia na thelathini," muuzaji akamshauri. "Uzi mwembamba chini kule hausemi, unabwabwaja."

"Na huu?" Nyuma ya droo kulikuwa na mmoja mweusi, bila pakiti.

Muuzaji akaupima kwa vidole. "Huo sikumbuki kuuleta."

Unene ulikuwa uleule, na mpiga besi hakuwa na nguvu za kuchagua tena. Akaenda nao.

Alasiri hiyo, kwenye chumba cha mazoezi, akapanua kwa tupa mfereji mdogo unaoshika uzi kwenye shingo, akafunga ule mweusi, akaushusha. Kabla hajaugusa, ukalia. Taratibu, kama mtu anayeguna usingizini. Harufu ya udongo wa kisimani ikatanda.

"Nani kaoga na matope?" mpiga ngoma akauliza.

Mkewe akaanza kuimba, na chini ya sauti yake ikaja nyingine, nzito, iliyomfuata neno kwa neno, kisha ikamtangulia, ikaimba beti ambazo hakuna aliyezitunga, huku kuta zikitetemeka na vidole vya mpiga besi vikicheza vyenyewe kama vya kuazima.

"Mke wangu," akanong'ona, "pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Midomo ya mkewe ilikuwa imefungwa.

Wakamwita shangazi yake mpiga besi, mganga. Alikuja na ndala, akaweka kiganja juu ya ule uzi, akashusha pumzi.

"Wanangu, mmeshuka mpaka mlangoni kwa jini. Bado yumo kwenye uzi, hajamwingia mtu. Baba, ukate hivyohivyo ulivyolegea. Usiukaze hata kidogo."

Mpiga besi akashika koleo. Uzi ukaning'inia, ukavuma kwa unyonge, mkewe akimtazama bila kupepesa, na chumba kizima kikazuia pumzi isipokuwa mpiga ngoma, aliyekuwa amesinzia nyuma ya ngoma zake. Akagutuka, akasikia mlio umelegea, akaropoka kama anavyoropoka kila siku:

"Kaka, umeshuka mno! Pandisha!"

Sasa, kwa mwanamuziki, kupandisha ni kukaza uzi. Kwa mganga, ni kumwita jini apande kichwani mwa mtu. Mpiga besi alisikia la muziki. Mkono wake wa miaka ishirini ukakaza wenyewe. Jini alisikia la mganga.

Uzi ukakatika. Mkewe akafumba macho, akayafumbua.

Jumamosi aliimba mpaka watu wazima wakalia. Hakuna tena anayetafuta mwimbaji mwingine. Ila mpiga besi, akiwa sebuleni amejilaza, akiita jikoni "Mke wangu?", huitikiwa na sauti mbili. Siku hizi haiti. Akitaka maji, huyafuata mwenyewe, uchovu na yote.

Mganga amekataa kurudi. Anasema hana ugomvi na jini. Jini aliitwa, akaja. Anamtafuta yule mpiga ngoma. Akipita kwenu kuuliza, tafadhali, mwambieni mimi hata vijiti vya ngoma sijui kushika.